Siku Niliyotangaza Mwisho wa Vita

Juzi niliona kwenye televisheni vijana wa Mogadishu wakipaka rangi shule iliyobomolewa na mabomu, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu, mtaa wa Kuze.

Mama alikuwa amewapa vyumba vya juu wakimbizi wawili wa Kisomali, Bi Sahra na Bi Faduma. Koo zao zilikuwa zikipigana kwao, na kila mmoja alikuwa amefiwa na ndugu kwa mikono ya upande wa mwenzake. Harufu ya uvumba wao ilichanganyika ngazini, lakini wenyewe walipishana bila hata salamu. Mimi nilidhani vita vyote vya Somalia ni ugomvi wa wanawake hao wawili.

Alasiri hiyo Bi Faduma, aliyekuwa mjamzito, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati wake. Mama alipokuwa akihangaika kutafuta gari, Bi Sahra, aliyekuwa mkunga kwao, alisimama mlangoni kwa Bi Faduma.

"Nipishe, dada," alimwambia Mama. "Huyu ni wetu."

Nilikaa ngazini nikisikiliza maji yakimiminwa na Bi Faduma akiugua, mpaka mtoto akalia. Nilipochungulia, Bi Faduma alikuwa amelaza kichwa kifuani mwa Bi Sahra, wote wawili wakitokwa na machozi.

Nilitoka mbio hadi barazani nikapiga kelele, "Vita vya Somalia vimekwisha!"

Majirani walicheka. Leo najua viliendelea miaka mingi. Lakini Mama hakucheka. Alinivuta ubavuni mwake, akawaambia kwa sauti, "Asemayo ni kweli. Nyumbani kwangu vimekwisha."