Chokoleti Chungu Aliyokula Mama

Harufu ya mawese yakichemka haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni nzito, ina utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi na ukali wa moshi wa kuni mbichi, na ikishaingia kwenye nguo haitoki mpaka nguo yenyewe ichakae. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, hapa Rumonge, wakati Wadachi, yaani Wajerumani, wanatawala, katika nyumba ya udongo iliyotazama ziwa. Baba yangu alinunua mawese kwa watu wa Kizuka na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaushwa kutoka Magara, akavipakia mtumbwini na kwenda kuviuza Ujiji, akarudi na chumvi na nguo. Mama alibaki akisimamia masufuria uani. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Alicheka akipepeta mtama, alicheka akigombana na mbuzi wa jirani, na kicheko chake kilijulikana hata kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu chini ufukweni. Ninachotaka kusimulia ni kiangazi kile ambacho kicheko hicho kilinyamaza.

Mama alijifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa kiangazi. Mtoto alikuwa mdogo sana, analia kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga, na kabla hajapewa jina alifariki. Wanaume walimzika, wanawake wakaja na kuondoka, na wote walimwambia mama maneno yale yale: anyamaze, asimlilie mtoto, Mungu atampa mwingine. Mama akanyamaza kweli. Alijilaza kwenye mkeka, akaugeuzia uso ukuta wa udongo, na hakusema wala hakula. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi nasi tangu alipofiwa na mumewe kule Ujiji, alipika kila alichojua kupika. Alimpikia uji wa mtama, mchuzi wa samaki wa mukeke wenye pilipili, maharage yaliyopondwa kwa mawese mapya. Mama alionja kwa ncha ya ulimi na kurudisha bakuli. Alichonong'ona tu ni kwamba kila kitu kina ladha ya majivu. Mimi nililala miguuni pake mchana kutwa, nikimtazama. Bangili alizovaa tangu harusi yake zilianza kumtoka mkononi zenyewe, na Bibi akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya dari. Baba aliahirisha safari ya Ujiji, kisha akaiahirisha tena. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba watu wazima wanaogopa.

Siku hizo Mdachi mmoja alikuwa amepiga hema karibu na mdomo wa mto. Kazi yake ilikuwa kupima nchi. Alizunguka na miti yake yenye rangi nyekundu na nyeupe, akiisimamisha kila mahali, na watu waliamini kwamba kila inaposimamishwa hapo ardhi inachukuliwa. Mpishi wake alikuwa Mmanyema aitwaye Feruzi, Mwislamu mwenzetu, aliyefahamiana na baba tangu ujana wao. Feruzi alifika kwetu karibu kila asubuhi kununua samaki. Aliposikia hali ya mama, alisema kwamba bwana wake, homa ikimshika na chakula kikimchukiza, hukata kipande cha kitu cheusi kutoka kwenye mkebe na kukila polepole, na baada ya hapo huweza kula. Akasema atamwombea mama kipande. Baba hakupenda kuomba kitu kwa Mdachi. Lakini alimtazama mama pale ukutani, akakubali.

Feruzi alirudi alasiri, amekibeba kitu hicho ndani ya jani la mgomba lililoloweshwa maji, kwa sababu joto la Imbo, tambarare yetu ya kando ya ziwa, hukiyeyusha. Ndani ya jani mlikuwa na karatasi inayong'aa kama magamba ya samaki, na ndani ya karatasi mlikuwa na kibao cheusi, kimejaa ukungu mweupe juu yake. Bibi alikichukua, akakinusa, akasema kimeoza. Feruzi akamweleza kwamba si kuoza, ni mafuta yake yametoka juu kwa sababu ya joto, na kwamba jina lake ni chokoleti. Bibi akauliza kimetengenezwa na nini. Alitaka kujua kama kuna mafuta ya nguruwe, kama kuna pombe. Feruzi aliapa kwamba ni mbegu za mti zilizokaangwa na kusagwa na kutiwa sukari kidogo, basi. Akaongeza kwamba bwana wake anasema kinatia nguvu moyoni na kuongeza damu.

"Mdachi atakisifu tu," Bibi alisema, "kwa sababu ni chakula cha kwao. Hata mimi ningekuwa Ulaya ningewaambia muhogo unaponya kila kitu."

Hakumpa mama papo hapo. Alivunja pembe ndogo akaila yeye kwanza, akaketi mlangoni kusubiri kama atadhurika. Mimi niliokota chembe iliyobaki kwenye karatasi nikaiweka ulimini. Nilitegemea utamu wa asali. Badala yake nilikutana na uchungu, kama wa ganda la mti anaochemsha mganga, nikataka kutema. Ndipo nyuma ya uchungu ukaja utamu mdogo, umechelewa, na mdomo wangu ukajaa mate. Bibi hakupatwa na lolote. Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, alimwinua mama, akamwegemeza kifuani pake, akampa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Mama alikiweka kinywani. Tulikuwa tunangoja akiteme. Alikunja uso, akatulia, na nikaona shavu lake likisogea polepole. Kisha akageuka kumtazama Bibi.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu msiba. Bibi alimweleza, na mama akaomba kipande kingine. Sijui ni kwa nini, lakini baada ya hapo akaanza kusema. Alisema moyo wake unapiga mbio na macho yamefunguka. Alisema juu ya mtoto: nywele zake zilivyokuwa nyingi, vidole vyake, namna alivyomshika. Alisema kila mtu anamkataza kumtaja, na yeye akimnyamazia anahisi kama amemzika mara ya pili. Bibi hakumkataza. Alimkanda miguu akasikiliza, mama akalia kwa sauti, akaendelea kusema, na jua likashuka upande wa milima ya Kongo wakiwa bado vile vile. Wakati wa kuwasha taa mama aliomba mchuzi. Hakuumaliza, ila alikula, na baba aliyekuwa amejificha uani akijifanya anakoroga mawese alipangusa uso kwa kanzu yake na kusingizia moshi.

Kwa siku zilizofuata baba na Bibi walibishana bila kuchoka. Baba alishikilia kwamba ni chokoleti. Alikuwa ameona kwa macho yake, mke wake alikula kitu cheusi akafufuka. Bibi alisema kile kitu kimemwamsha ulimi tu, mengine yote yametoka katika kulia na kusikilizwa. Baba hakusikia. Aliwasimulia wavuvi, akawasimulia wauzaji wa mawese, na kabla wiki haijaisha watu wa Kizuka walijua kwamba nyumbani kwetu kuna dawa nyeusi ya Mdachi.

Ndivyo alivyofika Mama Misago. Alikuwa Mrundi wa Kizuka, mwanamke aliyetuletea mawese ya kuuza, na asubuhi hiyo hakubeba kibuyu bali alimbeba mwanawe Misago mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamefunguka nusu, na joto lake nilihisi kabla sijamgusa. Mama Misago alipiga magoti mbele ya baba.

"Mutoto anaungua," alisema. "Nipe ile dawa. Nimesikia iko hapa kwako."

Baba alikuwa tayari ameshika karatasi. Alikuwa na furaha ya mtu anayeweza kusaidia, na naamini angempa kibao chote. Ndipo nikamsikia mama nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono yote miwili. Hakuwa ametoka nje ya mlango ule tangu siku ya mazishi.

"Baba Zena, usimpe hiyo," alisema, akimwita baba kwa jina langu kama kawaida. "Mimi nilikuwa na huzuni, sikuwa na homa. Mtoto huyu ana homa. Mkimlisha kitu kitamu mkakaa mnasubiri, atakufa mikononi mwenu."

Baba akauliza ataomba dawa nyingine kwa nani. Mama akajibu kwamba aliyetoa hiki ndiye mwenye kinini, dawa ya homa. Akajifunga kanga ya pili, akamwambia Mama Misago ainuke, na wakaondoka pamoja kuelekea mtoni, mama akimwegemea mwanamke aliyebeba mtoto mgonjwa. Mimi na Bibi tuliwafuata. Njia ile ni fupi, lakini mama alipumzika kila penye kivuli.

Askari wa hemani alitukataza kupita. Alisema bwana anaandika na hataki kusumbuliwa. Mama hakubishana naye. Aliketi mchangani, juani, mbele ya bunduki yake, akamwambia kwamba amezika mtoto kiangazi hiki na hana haraka ya kurudi nyumbani. Feruzi alituona kutoka jikoni, akaenda kuzungumza ndani ya hema, na Mdachi akatoka mwenyewe, mwembamba, ngozi ya pua imebambuka kwa jua. Alimgusa Misago shingoni. Mama akamwomba Feruzi amuulize kama chokoleti inatibu homa. Mdachi alitikisa kichwa. Kwa homa hapana, alisema. Kwa homa kinini. Mama akauliza tena, mbona alisema inatia nguvu moyoni? Mdachi alifikiri, akajibu maneno marefu kwa lugha yake, na Feruzi akatutafsiria: mama yake ndiye aliyemwambia hivyo alipokuwa mdogo, na ndiye anayemtumia mikebe hiyo kutoka kwao. Yeye mwenyewe anajua tu kwamba akila anajisikia vizuri.

Alimpimia kinini ya unga, akaeleza ya leo na ya siku zinazofuata. Misago alipoonjeshwa aliitema yote. Alitema mara ya pili, na Mama Misago akaanza kulia. Hapo mama alimwomba baba, aliyekuwa amefika akihema na karatasi bado mkononi, kipande cha chokoleti. Alikilainisha kwa vidole, akaufunga unga ule ndani yake, akamtia mtoto kinywani na kumpulizia usoni kidogo. Misago akameza. Mdachi alicheka kwa mshangao, akaingia hemani akatuletea kibao kingine kizima.

Homa ilimwacha Misago baada ya siku chache. Mama alikwenda Kizuka kumwona kila siku, na kila akirudi alikuwa na njaa. Siku moja alipoletwa kwetu, mtoto huyo alimvuta nywele akakataa kuachia, na tukasikia kicheko kile uani. Mama Misago alituletea mkungu mkubwa wa machikichi yaliyoiva, akamshika mama mikono yote miwili akirudia "Murakoze, murakoze," na mama akamwambia kwamba yeye ndiye anayepaswa kushukuru.

Sisemi kwamba Wadachi walikuwa wema. Wanaume wa mitaa yetu walikamatwa kubeba mizigo yao, na wengine hawakurudi. Lakini mtu yule mwenye pua iliyobambuka alitutendea wema, na wema wake siwezi kuuacha. Alikunja hema mvua zilipoanza, akaenda zake kusini. Baadaye vita vilikuja, bendera ikabadilishwa, nasi hatukumsikia tena.

Leo wajukuu wangu wanaosoma Bujumbura huniletea chokoleti kila likizo. Wao huiita shokola. Mmoja ananiambia imeandikwa kwamba ile nyeusi inasaidia moyo na presha, mwingine anasema sukari yake inaharibu yote, kisha wananigeukia mimi niamue. Nawaambia kidogo hakidhuru, kinaamsha hamu na kinachangamsha, lakini mtu asikiweke mahali pa dawa. Dawa sasa tunazo. Dispensari iko karibu na soko, na hakuna mama anayekaa mbele ya bunduki kuomba kinini.

Mama alizaa tena mara mbili na aliishi mpaka nywele zake zikawa nyeupe zote. Katika miaka ile watoto wengi wa pwani hii walilelewa na shangazi na bibi, kwa sababu mama zao walijilaza baada ya uzazi na hawakuinuka. Mimi nililelewa na mama yangu. Nikiwaambia hivyo vitukuu vyangu hunitazama wakingoja niendelee, kwa sababu kwao hiyo si habari. Kila mtoto ana mama. Nashukuru kwamba wanadhani hivyo.