Ami Hakugusa Biriani

Usiku ule nililala nimeshiba kupita kiasi, na shibe yenyewe sikuiamini. Mimi ni mtu wa shaka. Mke wangu Zuhura husema hata maji ya mtungi wa nyumbani nayanusa kabla ya kunywa. Sasa mtu kama mimi unamzungusha Mumbai nzima, asubuhi bhajia, mchana biriani, jioni faluda, humpi nafasi ya kukagua vizuri kitambaa alichokifuata, halafu alale usingizi wa raha? Thubutu.

Nilikuwa nimekwenda kununua bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba. Duka letu la Tanga linauza nguo nyeupe, na wengi wanaoingia pale wanataka sanda. Aliyenipokea ni Faraji, mtu wa kwetu kabisa, aliyehamia kule zamani akawa wakala wa wafanyabiashara wa nguo. Uwanja wa ndege alinikumbatia kama nimemzaa mimi. Ghalani akanifungulia jora moja, pamba safi, nikaridhika nayo. Nilipotaka afungue na marobota mengine, akanishika bega.

"Kaka, umetoka mbali, hebu tembea kidogo. Hizo zote baba mmoja, mama mmoja."

Basi tukatembea. Tukaenda kwenye lango kubwa la mawe lililo ufukweni, tukapanda boti kwenda kuona mapango ya kisiwani, tukala vitamu ambavyo hata majina yake sikuyashika. Kila nilipotaja ghala, sahani nyingine ilifika mezani. Mzigo ulikuwa upakiwe kwenye kontena asubuhi inayofuata, na jioni yake mimi nirudi nyumbani. Nikapanda kitandani yale marobota mengine sijayaona ndani.

Usingizi uliponichukua nikajikuta tumerudi kwenye ile hoteli ya biriani. Faraji anamwita mhudumu, sahani zinakuja, zinapangwa. Mbele yangu ameketi Ami Salehe.

Ami ni ndugu wa baba yangu. Ndiye aliyelifungua duka na kunifundisha kazi, na tulimzika mwaka juzi. Sanda yake niliichana mimi kwa mikono yangu, kwa hiyo naijua. Ile haikuwa na mng'ao, nyeupe ya unga wa muhogo. Hii aliyoivaa sasa inang'aa chini ya taa.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Kwetu tunaambiwa marehemu akikuita ndotoni usiitike, akikupa chakula usile. Nikasema moyoni, huyu amenifuata mimi. Nikaufumba mdomo na kurudisha mikono mapajani. Lakini Ami hanipi kitu, wala yeye mwenyewe hagusi biriani. Anatoka jasho. Linamtiririka kutoka kwenye paji, linashuka shingoni, linaingia ndani ya nguo, na nguo hailinywi hata kidogo. Faraji anamjazia wali bila kumtazama usoni.

"Sikuja kukuchukua," Ami akasema. "Nina joto."

Nilipotaka kumsogezea maji, meza haipo tena. Tuko dukani Tanga, mimi ndani ya kaunta, Ami nyuma yangu nasikia anavyohema. Mwanamke aliyejifunika kanga hadi machoni anapokea furushi la sanda. Halifungui. Mwenye msiba hakagui, ndivyo tulivyo. Hapapasi nguo, hapatani bei, anapokea ilivyokunjwa na kuondoka. Kwa ajili hiyo Ami alikuwa mkali sana kwenye ununuzi. Haridhiki na jora analoonyeshwa. Atachomoa la robota la katikati, atalikata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha atalichana kwa mkono. Bafta ya pamba huchanika mstari mmoja, na sauti yake husikika mpaka barazani. Akiisikia hiyo ndipo anakunjua uso wake vizuri na kusema haya, tununue.

Mwanamke anageuka kuondoka, kanga inamteleza. Ni Zuhura wangu, macho yamemvimba.

Namwuliza, "Unamchukulia nani?"

Analibana furushi kwapani, anakwenda zake. Jamani, nilimwita mke wangu kwa sauti yote niliyonayo, na sauti haikutoka.

Ami ananishika mkono. Vidole vyake vimelowa. Ananipa pindo la ile nguo yake, anasema neno moja tu.

"Chana."

Navuta. Nguo inarefuka, inarudi ilipokuwa. Navuta tena, sasa tuko kwenye boti ya mapangoni, maji yanapiga ubavuni na Faraji amekaa mbele, anatugawia vitamu huku anacheka. Navuta mpaka vidole vinauma. Haichaniki, haitoi sauti yoyote. Natazama nyuzi zake karibu na kuona si pamba hata kidogo, ni ile poliesta ya kushonea mapazia, na mwenye kuivaa hana mkono wa kuivua. Nikaanza kulia pale pale botini, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ami akaniangalia kwa upole, jinsi alivyokuwa akiniangalia nikikosea kupima.

"Sisi huku hatubadilishi nguo, mwanangu."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inasikika kwa mbali, fulana yangu imelowa chapachapa, na shuka la hoteli nimelikamata kwa mikono miwili. Sikungoja hata kunawa uso. Nilichukua simu nikampigia Faraji, akapokea haraka, hana hata sauti ya usingizi. Nyuma yake nikasikia watu wanaitana na kitu kizito kikiburutwa sakafuni.

"Usipakie," nikamwambia. "Nakuja. Nataka kuchana jora la robota la katikati."

Kelele za nyuma yake zikakoma, nadhani aliwapungia mkono. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha kwenye boti.

"Kaka, si umesema ni za sanda? Sasa nani atarudi kukulalamikia?"

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu.

"Ameshakuja," nikamwambia.