Kiti Kilichomchubua Nzilani

Siku Nzilani alipoanguka na baiskeli mbele ya soko zima la Kasikeu, hakulia. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akaokota chaki zilizotawanyika, kisha akaipiga baiskeli teke hata kengele ikalia. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti nje ya hoteli walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Mwalimu, baiskeli si punda!" huyo wa chai akapaza sauti. "Ikikutupa, ifunge kamba!"

Nzilani akaishika baiskeli akaondoka. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo hakuwa pale.

Nzilani alikuwa mjane wa miaka thelathini na sita. Mwaka huo wa themanini na moja alikuwa mwalimu wa gumbaru, yale madarasa ya wazee na akina mama waliokosa shule utotoni. Chama kimoja kidogo kilimwajiri kufundisha vituo vitatu, kila kimoja upande wake, na kwa kuwa miguu isingetosha, chama kikawaletea walimu wake baiskeli kumi na mbili. Zilikuwa nyeusi, nzito, imara. Ubaya wake ulikuwa kiti. Kilikuwa cha plastiki ngumu, chembamba kama ulimi wa ng'ombe, na pua yake imeinuka juu kana kwamba inamdharau anayekikalia.

Mwezi wa kwanza Nzilani alidhani mwili utazoea. Mwezi wa pili alikuwa na vidonda. Kanisani alianza kukaa benchi la nyuma ili asimame watu wasimwone. Nyumbani aliosha vidonda kwa maji ya chumvi huku ameuma meno, na asubuhi anapanda tena, maana wanafunzi walikuwa wanangoja. Ndipo akakunja leso mara nne akaifunga juu ya kiti. Leso ikateleza kwenye mteremko wa soko, naye akateleza nayo.

Basi kutoka pale alipoanguka alikwenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wao, Bwana Nzuki, goti likimtoka damu.

"Bwana Nzuki, hiki kiti kinaniumiza. Naomba chama kinibadilishie."

Nzuki hakuinua macho kwenye gazeti. "Wanaume tisa wanaendesha baiskeli kama hiyo. Sijasikia hata mmoja akilalamika."

"Umewauliza?"

"Kwa nini niwaulize?"

"Basi utasikia vipi?"

Hapo akakunja gazeti. "Mwalimu Nzilani, Kavata na Kalunde nao walikuja hapa na maneno hayo hayo. Ninyi akina mama mlitaka kazi ya wanaume. Kama baiskeli imewashinda, mkutano wa mwisho wa mwezi ujao mzirudishe. Kuna vijana wanazitaka, na hao vijana watachukua na vituo vyenu."

Nzilani alitoka bila kuaga. Akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Emali. Alikuwa ameweka pesa kidogo za kununua viatu vya kanisani. Akaamua Mungu atamwona na vile vya zamani. Katika duka la vipuri karibu na barabara kuu, kijana mwenye duka alimtolea kiti kinene chekundu, chenye sponji iliyofura kama mkate.

"Hiki ni godoro, mama. Ukikikalia utalala njiani."

Akabonyeza kwa kidole. Kweli, kililegea kama unga uliokandwa. Akalipa.

Siku tatu za kwanza alimsifu yule kijana. Siku ya nne akaanza kufa ganzi. Sponji ilipokandamizwa ilizama pembeni ikapanda katikati, ikambana pale ambapo mtu mzima hapataji, na pembe zake nene zikamsugua mapaja kila alipokanyaga pedeli. Vidonda vilivyokuwa vimeanza kukauka vikafunguka. Baada ya wiki mbili alirudi Emali na baiskeli, akakifungua kile kiti akakitupa juu ya kaunta.

"Umekiharibu," kijana akasema. "Tazama, umekikalia."

"Nimekikalia!" Nzilani akapaza sauti hata wapakizi wa malori wakageuka. "Ni kiti! Nilipaswa nikifanye nini, nikichemshe na pojo?"

"Pengine umekuwa mzito, mama. Hiyo si kazi ya duka."

Angeweza kumpiga. Alikichukua kiti chake akatoka, akiyameza maneno ambayo mwanamke wa kanisa hayasemi.

Ng'ambo ya barabara, karibu na stesheni ya reli, chini ya kibanda cha mabati, aliketi fundi wa makamo aitwaye Jabiri. Babake alikuja kutoka Pwani na kazi ya reli, akafia Emali, na Jabiri hakuwahi kutaka kuondoka. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama," akaita. "Hicho kiti hakina kosa. Kosa ni kuuziwa wewe."

"Na wewe unataka kuniuzia nini?" Nzilani akamrukia. "Kitanda?"

Jabiri hakukasirika. Alikirudisha kiti chekundu mahali pake, akamwomba aipande baiskeli huku yeye ameishika, akatazama usukani, si mwili wake. Kisha akauliza: safari moja huchukua muda gani? Njia ni ya mchanga au mawe? Unabeba mzigo? Unaendesha umeinama au wima?

Nzilani akajibu kwa ukali lile swali la kwanza, kwa ukali mdogo la pili, na alipofika la nne akagundua kwamba tangu apewe baiskeli hakuna mtu aliyewahi kumwuliza lolote.

"Wima," akasema. "Usukani uko juu, nitainamaje?"

"Ndiyo hapo. Anayeinama nusu ya uzito wake iko mikononi, kiti chembamba kinamtosha. Wewe uzito wote unashuka kwenye kiti, kwa hiyo nyuma pawe papana. Lakini upana wa mifupa yako, si upana wa sketi."

Akajaza karai mchanga wenye maji, akausawazisha kwa ubao, akaliweka juu ya kigoda nyuma ya kibanda. "Kalia hapo, kisha uinuke polepole."

Damu ilimpanda Nzilani usoni. "Mzee, mimi ni mama wa watu! Umeniona mtoto wa kuchezea mchanga?"

"Mimi nitageukia reli," Jabiri akasema, akageuka kweli, mikono nyuma.

Nzilani alitazama huku na huku, akafunga leso vizuri, akakaa. Alipoinuka, mchangani palikuwa na vishimo viwili. Jabiri akapima kutoka kimoja mpaka kingine kwa uzi, akafunga fundo kila upande. Akachukua kiti cha plastiki alichokuja nacho Nzilani kikapuni, akauweka uzi juu yake. Mafundo yote mawili yakaning'inia nje, hewani.

Nzilani aliutazama ule uzi. Vidonda wiki baada ya wiki, kicheko cha soko, na yule mtu na gazeti lake. Jambo lenyewe lilikuwa upana wa vidole viwili.

Kiti cha ngozi kipya chenye springi kilikuwa bei isiyoshikika. Jabiri alikuwa nacho cha zamani, kilichotoka kwenye baiskeli ya karani wa mizigo. Ngozi imekauka na kulegea katikati. Alikaza nati iliyo chini ya pua mpaka ngozi ikavutika kama ya ngoma, akaipaka mafuta ya ng'ombe mara mbili, akakifunga. Akalaza juu yake chupa ya soda yenye maji nusu, akarekebisha mpaka maji yakalala sawa. Kisha akapandisha mlingoti unaoshika kiti hadi kisigino cha Nzilani kikafika kwenye pedeli mguu ukiwa umenyooka.

"Ni kigumu," Nzilani akasema akikibonyeza.

"Kigumu panapotakiwa. Nenda stesheni mara tano, ukirudi unitukane."

Alikwenda mara tano. Hakumtukana. Bei ilikuwa chini ya ile ya godoro jekundu, na jambo hilo lilimkasirisha upya.

Mkutano wa mwisho wa mwezi ulifanyika ofisini, walimu kumi na wawili kwenye mabenchi. Nzuki alianza kusoma: akina mama watatu wameshindwa na usafiri, kwa hiyo...

"Hatujashindwa," Nzilani akasema, amesimama. Alimgeukia Kavata aliyekuwa ameinamisha kichwa, na Kalunde aliyekuja kwa miguu. "Kiti ndicho kibaya. Bwana Nzuki, baiskeli ya Kavata iko nje. Panda, nenda mpaka kwenye kinu cha posho urudi, mara kumi tu. Sisi tunakwenda mara mia."

"Keti chini, mwalimu."

"Kuketi ndiyo taabu yenyewe!"

Kicheko kikaanza, na Nzuki akapiga meza. Ndipo kutoka benchi la nyuma akainuka Mbuvi, mwalimu mkubwa kuliko wote, mtu wa mvi na wa maneno machache.

"Mnanisifu kwamba nafundisha saa mbili nimesimama," akasema. "Si bidii. Siwezi kukaa. Tangu baiskeli zije silali chali." Akawatazama wanaume wenzake mmoja mmoja. "Na ninyi semeni. Ama niwataje niliowaona wakinunua mafuta ya vidonda?"

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja akainua mkono, wa pili akafuata, mpaka wakafika sita. Nzilani alipaswa kufurahi, lakini alizidi kuwaka. Miezi yote hiyo! Wameacha wanawake watatu waitwe wavivu, kisa wanaona haya kusema kiti kinawachubua.

"Asanteni," akawaambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya shukrani hata kidogo.

Nzuki aliahirisha mkutano. Baiskeli za akina mama hazikuguswa, lakini chama hakikununua kiti hata kimoja. Mwezi uliofuata walimu wanane waliteremka Emali, kila mtu kwa mfuko wake, wakakaa mchangani kwa zamu huku Jabiri ameitazama reli. Watu wawili aliwaambia wabaki na plastiki zao, ila washushe pua. Kavata, mwembamba, mwenye kituo cha karibu, alichukua kiti tofauti kabisa na cha Nzilani, wakabishana njia nzima kipi ni bora.

Kisha barua ikaja: Nzilani amehamishiwa Nunguni, kule milimani, kwa mahitaji ya kazi. Kila mtu alijua mahitaji hayo yalikuwa ya nani. Alikwenda. Miinuko mikali alisukuma, tambarare aliendesha, na mvua ikija alikivalisha kiti mfuko wa nailoni kabla hajajifunika mwenyewe. Alifundisha huko miaka tisa.

Mara moja tu Nzuki alikuja kukagua, kwa gari la chama, akasimama mlangoni mwa darasa lililojaa akina mama.

"Mwalimu Nzilani. Njia unaionaje?"

"Ndefu," akajibu, akamgeuzia mgongo akaendelea kuandika ubaoni.