Mgongo wa Bahizire

Watu wa Kanyosha wanasema mguu wangu ndio uliomwinua Bahizire. Wengine, wa upande wa mama yake, walianza kwa kusema mguu huohuo ndio uliomvunja. Wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na mguu ni wangu, kwa hiyo acheni niseme mimi.

Bahizire ni mume wangu wa komini, tuliandikishwa serikalini, ingawa halali tena nyumbani kwangu. Tulivuka mpaka pamoja kutoka upande wa Bukavu tukiwa vijana, tukapanga chumba Kanyosha, naye akaingia mtoni kuchimba mchanga. Kutwa alisimama ndani ya maji na beleshi, akiutoa mchanga chini na kuurusha kando, na lori likija, yeye ndiye anayelijaza. Hakuwa mtu wa maneno. Hata kucheka alicheka kwa mabega. Nilipozaa Bukuru na Butoyi aliwabeba wote wawili, mmoja kila mkono, akawapitisha nyumba kwa nyumba, na tangu hapo watu wananiita Mama Mapasa, kwani sisi mapacha tunawaita mapasa.

Kisha akahamia mtaa wa Carama kwa msichana anayeitwa Amandine. Aliniachia watoto na kitanda kilichovunjika mguu. Mama yake, Marguerite, alimfuata huko, na siku ya kufunga mizigo aliniambia mwanamke anayekimbiwa hakosi lake. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki ndagala.

Kwa hiyo nilipomwona Pontien, mdogo wake Bahizire, akija sokoni ninapouza mawese, nilijua hakufuata mafuta.

"Shemeji, kaka anaumwa mugongo. Mama anasema uje umukanyage."

Kwetu mgongo ukikataa kunyooka, mgonjwa analazwa kifudifudi na mwanamke aliyezaa mapacha anamkanyaga. Mwili uliobeba wawili, wazee wanasema, unajua kurudisha kila mfupa mahali pake. Nimekanyaga migongo ya waashi, ya wabeba magunia, hata ya shemasi mmoja.

"Carama nzima hakuna mwanamuke aliyezaa mapasa?"

"Wako. Lakini Mama anasema mapasa yako ni ya damu ya kaka, dawa itaingia mbio."

"Na huyo muke wake muzuri anafanya nini?"

"Analia."

"Basi amupake hayo machozi."

Pontien alitaka kucheka, akashindwa. "Shemeji, mi naogopa. Hata kugeuka hawezi."

Nilimwachia jirani madumu yangu, nikaenda. Msiniulize kwa nini.

Bahizire alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, uso ukutani. Shati lilikuwa limelowa jasho, naye alikuwa akitetemeka. Amandine alikaa karibu na kichwa chake. Marguerite alinipokea na beseni la maji, bila salamu.

"Osha mguu. Umechelewa."

"Ameanza lini?"

Amandine ndiye aliyejibu. Kwanza Bahizire alitoka jipu kwapani. Jipu lilipona, ukaja mgongo. Walikwenda kwenye kituo cha afya, wakaambiwa ni mgongo wa kazi, akadungwa sindano ya maumivu. Homa ilipopanda, walidhani malaria, wakanunua vidonge vya malaria. Maumivu yakazidi, yakashuka mpaka mapajani.

"Jipu nilikamua mi mwenyewe," alisema Marguerite kwa kujivuna. "Lilitoka lote. Nyinyi munajua kuzaa tu, kukamua hamujui."

Niliosha mguu, nikauinua juu ya mgongo wake. Miaka yote ile ilishuka ikanikaa kwenye unyayo. Ningeweza kukanyaga kama mtu anayeponda mhogo, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa kuwa wao wenyewe ndio walioniita. Nikamgusa kwanza kwa ncha za vidole vya mguu, katikati ya mgongo, chini kidogo ya mbavu.

Alipiga yowe ambalo sijalisikia hata leba.

Mgongo wa kazi naujua. Ukiugusa unalalamika, halafu unalegea, mtu anaguna kwa raha. Huu ulikuwa wa moto kama sufuria, na ulilia kabla sijaweka uzito. Nikauondoa mguu.

"Bahizire, chezesha vidole vya miguu."

Vya kushoto vilitikisika kidogo. Vya kulia vililala tu, kama vya mtu mwingine.

"Miguu iko na siafu," alisema kwa sauti ndogo. "Jana walikuwa kwenye nyayo. Leo wamefika magotini."

"Na mukojo hautoki tangu jana," Amandine alidakia. "Yeye aliyekuwa anakunywa maji kama ng'ombe, anakojoa kila saa! Tumbo limejaa, mukojo hautoki."

Nikavaa kiatu. "Simukanyagi. Tafuteni gari, aende hospitali."

"Nilijua!" Marguerite alisimama. "Anamulipizia! Mumeona? Amemugusa kidogo tu, sumu imeingia, sasa anakimbia. Mutoto wangu akikufa, ni we!"

"Mama, nyamaza," alisema Pontien.

"Consolée," Bahizire aliniita. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu ahamie Carama. "Kanyaga tu. Kanyaga iishe."

Mlango ulikuwa wazi. Ningetoka, ningefika sokoni kabla jua halijapoa. Lakini nilishamgusa mbele ya mashahidi. Akifa pale, jina langu linakufa naye, na mapacha wangu watakua wakiitwa watoto wa mchawi. Nikamwambia Pontien, "We ndiye mwanaume uliyebaki humu. Gari." Akatoka mbio. Walimbeba juu ya godoro, wakamlaza nyuma ya gari la jirani, na katika kila shimo la barabara alilia, mpaka yule aliyekuwa anaendesha naye akaanza kulia.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari kijana, mwanamke, wanamwita Mélissa. Hakugusa mgongo kwanza. Aliuliza maswali. Homa? Ndiyo. Miguu imelegea tangu lini? Haja? Kisha akagonga mifupa ya uti mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa ngumi. Alipofika pale nilipogusa mimi, Bahizire aliruka. Akamchoma nyayo kwa kitu chenye ncha, huku akimwambia afumbe macho aseme anaposikia. Mara nyingi hakusema kitu.

"Alipata kidonda chochote karibuni? Jipu? Jino bovu?"

Marguerite aliangalia dari.

"Muambie habari ya jipu," nilimwambia Marguerite.

"Lilikuwa dogo," alisema.

Daktari aliangalia kwapani kwa Bahizire, akaona kovu bado jekundu. Wakachukua damu. Ikatoka ina sukari nyingi, ugonjwa ambao Bahizire alikuwa nao bila kujua, na dalili kwamba mwili unapigana na vijidudu. Pontien aliuliza kwa nini wasitoe maji ya mgongo kwa sindano, kama walivyomfanyia mtoto wa jirani.

"Hapana," alisema daktari. "Sindano ikipita kwenye usaha, inaweza kuusukuma ndani zaidi. Tunapiga picha."

Wakamwingiza kwenye mashine ya IRM, ile inayogonga kama mafundi wa mabati. Sikusoma, lakini picha nayo haitaki shule. Daktari alionyesha mifupa iliyopangana, na nyuma ya kamba ya uti kitu kirefu kimelala, kimeibana kama kiwavi aliyenona kwenye shina.

"Huu ni usaha," alisema. "Vijidudu vya jipu viliingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye sukari, damu haina askari wa kutosha. Vikapata mahali pa kukaa, kati ya mfupa na ngozi inayofunika uti. Kwa wengine vinakaa kichwani, vikitoka kwenye sikio bovu au mafua yaliyooza nyuma ya pua. Huko mtu anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia. Huku anaanza na mgongo na homa, halafu miguu inakufa. Wengi huja miguu ikishakufa."

"Yake imekufa?"

"Inakufa sasa hivi. Lazima apasuliwe, usaha utolewe. Mke wake ni nani?"

Amandine aliinua mkono, akaushusha. Mke wa komini ni mimi.

Marguerite alinishika kanga. "Usikubali. Mugongo haupasuliwi. Atatoka kilema, ao maiti. Ukiweka dole lako hapo, mi nitasema kanisani ni we ulimukanyaga, na ni we ulimupeleka kuchinjwa."

"Nani amemkanyaga?" daktari aliuliza.

"Huyu!"

"Nilimugusa kwa vidole. Sikukanyaga."

Daktari aliniangalia muda. "Vidole havitengenezi usaha. Ungemkanyaga kwa uzito, leo..." Alinisogezea karatasi na kidau cha wino.

Nilifikiria nini? Nilifikiria kwamba akifa nimekwisha, na akipona atarudi Carama. Hakuna mlango uliokuwa na faida yangu. Nikabonyeza dole.

Tulikaa kwenye benchi la korido, Marguerite mwisho huu, mimi mwisho ule, Amandine katikati akisali rozari kwa sauti mpaka nesi akamwambia apunguze. Hakuna aliyekula. Mara mbili mlango ulifunguliwa, mara mbili alitolewa mtu mwingine. Marguerite alianza kunihesabia, taratibu, majina ya watu wa ukoo watakaonishtaki.

Daktari wa upasuaji alipotoka alisema usaha ulijaa bakuli. Sasa dawa ya mishipani, siku nyingi, na miguu tuiombee.

Asubuhi niliingia kwanza, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa mlangoni. Sikumsalimia. Nilifunua shuka upande wa miguu.

"Chezesha."

Vya kushoto vilicheza. Vya kulia, nikangoja. Nikangoja mpaka shingo ikakakamaa. Kidole gumba kikajikunja, kidogo tu, kama mtu anayeita kwa siri. Nikafunika shuka, nikaenda kuuza mawese.

Leo Bahizire anatembea na fimbo, anapima sukari, mtoni haingii tena. Amerudi Carama. Mtu wa maneno hakuwa, asante hakunipa. Marguerite ndiye aliyesambaza habari: mguu wa Mama Mapasa umevuta ugonjwa juu, madaktari wakaukuta tayari umeiva. Jipu halitaji. Sasa watu wananiletea migongo mingi kuliko zamani.

Juzi Marguerite alikuja mwenyewe, ameinama, mkono kiunoni.

"Mama Mapasa, mugongo wangu."

"Uko na homa?"

"Apana."

"Miguu iko na siafu? Mukojo unatoka?"

"We! Mi ni mama-mukwe wako!"

"Unatoka?"

"Unatoka."

"Jipu?"

Aliangalia nje, mapacha walikokuwa wanapepeta mchele.

"Apana."

"Na jipu la Bahizire, nani alikamua?"

Nikamngoja, kama nilivyokingoja kile kidole. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli, niliona.

"Mimi," alisema.

"Sema kwa nguvu, Bukuru asikie."

"Mimi! Ni mi nilikamua!"

Nikatandika mkeka.

"Haya. Lala chini."

Nikavua kiatu.