Saa ya Kinshasa

Kompyuta mi nilijifunza kwa chaki. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, kidogo. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu hapa Kolwezi, na kufundisha kwa intaneti lilikuwa somo letu la kila Jumanne. Lakini Jumanne umeme haukuwepo. Ukiwepo umeme, mtandao haukuwepo. Na siku vilipokutana vyote viwili, ufunguo wa kabati la kompyuta ulikuwa umesafiri Lubumbashi ndani ya mfuko wa mtu. Profesa wetu, baba mmoja mwenye subira ya kupita kiasi, akakata shauri la kutuchorea. Alichora skrini nzima ubaoni, na ndani yake visanduku: hapa jina la jaribio, hapa maswali, hapa saa ya kufungua, hapa saa ya kufunga. Nasi tukanakili kwenye daftari kwa rula na kalamu mbili za rangi.

Mtihani ulipofika, skrini yangu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Nilipata kumi na nane juu ya ishirini. Weee! Kichwa kilinivimba wiki nzima. Shangazi yangu, ambaye nilikuwa nikiishi kwake katika mtaa wa Kapata, aliniambia nikitaja intaneti mara moja zaidi nitakula nje.

Stage yangu, yaani miezi ile ya kujifunza kazi ndani ya darasa la kweli, niliifanya palepale Kapata, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya safu za nyumba za zamani za kampuni ya migodi. Mama mwalimu wa darasa la sita alikuwa amejifungua, kwa hiyo darasa lote likaniangukia mimi, mwanafunzi. Walikuwa wengi, wanne wanne kwenye benchi moja. Mbele kabisa alikaa msichana mmoja, mtoto wa mchimbaji, mwembamba, mwenye kukohoa kila asubuhi. Nilipokosea hesabu ubaoni, na nilikosea, yeye ndiye aliyeinua mkono taratibu na kusema, "Madamu, pale kwa mustari ya tatu." Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: alisoma kwa kidole. Kila neno alilipitishia kidole chini yake, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Nilimgombeza mara nyingi. Mtoto wa darasa la sita kusoma na kidole, aibu gani hii! Alikuwa anakiondoa, na nikigeuka anakirudisha.

Kila mwaka masista wa mjini, wenye shule ya sekondari ya wasichana, waliipa shule yetu nafasi tano za kusoma bure. Watano wa kwanza, basi. Yule wa kidole alikuwa wa kwanza tangu darasa la nne, kila mtu alijua, hata wenzake walikuwa wanamwita sista kwa utani. Baba yake alishaniambia wazi tulipokutana sokoni: nafasi ikikosekana, mtoto anaenda Kasaji kwa shangazi yake, kulima na kulea wadogo. "Mi siko na njia ingine, Madamu. Mama yake alishakufa." Alisema vile bila uchungu, kama mtu anayekuelekeza barabara.

Halafu upepo ukaja. Mvua kubwa ya alasiri, na mabati ya madarasa yote yakaenda zake, moja tulilikuta limekunjika kwenye uzio wa kanisa. Shule ikafungwa. Na masista walikuwa wanangoja majina, pamoja na pointi za jaribio la mwisho ambalo tulikuwa bado hatujalifanya. Direktere wetu, mkuu wa shule, akaniita. Alikuwa amesikia habari za kumi na nane yangu. Nani alimwambia? Mimi mwenyewe, nani mwingine.

"Mwana yangu," akasema, "ile mambo yenu ya intaneti. Si utafanya jaribio, batoto bajibu kwa telefone ya bazazi? Mashine inasahihisha, inatoa liste ya majina, hakuna mutu atasema nilipendelea."

Nilipaswa kumwambia kwamba sijawahi kuona skrini ile isipokuwa ya chaki. Nilisema, "Ndiyo, Direktere, ni rahisi sana." Mdomo huu wangu.

Nililiandaa mezani kwa shangazi, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Na kwa kweli kila kisanduku kilikuwa pale profesa alipokichora, nikafurahi mno, nikamwombea dua. Kimoja tu hakukichora. Kiliandikwa "Mahali", na ukikifinya inashuka orodha ndefu ya miji ya Afrika. Nikashuka nayo, nikaona Kinshasa, nikafinya. Sikufikiri hata dakika. Katika nchi hii karatasi gani haina Kinshasa juu yake? Nikaandika: kufungua saa tatu asubuhi, kufunga saa nne, siku ya Alhamisi.

Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi. Kwa yule mchimbaji nilifika akiwa anafunga viatu.

"Telefone iko moja," akasema. "Na ile telefone inaenda na mi kwa karière, kule tunachimba. Mi njo mukubwa ya ekipe, ya bachimbaji bote ba kwetu. Mutu akifunikwa kule chini, banaita mi. Mi naondokaka saa moja."

"Tata, ni saa moja tu ya jaribio. Saa tatu mpaka saa nne."

Alifikiri. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, nikiona vidole vya miguu yake.

"Batu yangu batanitukana," akasema. "Lakini sawa. Saa tatu mpaka saa ine, telefone ni ya mutoto. Saa ine mi nakamata telefone, naenda. Itafunguka saa tatu kweli?"

"Saa tatu kamili, Tata. Mashine haichelewi."

Alhamisi ilifika. Saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, simu mkononi, mega za intaneti nimenunua za kutosha. Skrini ikasema: jaribio halijafunguliwa. Nikafunga, nikafungua tena. Halijafunguliwa. Wazazi wakaanza kupiga. "Madamu, inakatala." "Madamu, ni telefone yetu ao ni yako?" Nikawajibu wote, ni mtandao, vumilieni, mtandao tu. Nikapanda mpaka barabara kuu ambako mtandao huwa na nguvu, nikanyoosha simu juu, upande huu, upande ule, pikipiki zikinipigia honi kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati kama mwendawazimu. Sikujua nifinye wapi. Hakuna chochote kwenye daftari langu la rangi mbili kilichosema ufanye nini mashine ikikataa. Niliogopa hata kugusa, nisije nikafuta kila kitu. Mimi wa kumi na nane juu ya ishirini, nilichoweza kufanya ni kuomba Mungu kwa sauti.

Saa nne kamili, likafunguka lenyewe. Niliruka, nililia, nilimkumbatia mama mmoja muuza maandazi nisiyemjua. Nikawaambia wazazi, mnaona? Mtandao!

Saa tano likafungwa, na mashine ikatoa orodha. Nikaisoma nikitabasamu. Mpaka chini. Chini kabisa, jina la yule mtoto, na mbele yake sifuri.

Nilikimbia kwa direktere. Nilimkuta ofisini, chumba pekee kilichobaki na bati, amefurahi, miwani juu ya kipaji cha uso. Alishaituma orodha. Masista walishajibu na kushukuru.

"Direktere, kuna kosa. Yule wa kwanza wa darasa amepata sifuri."

"Hakujibu. Mashine imeandika hakujibu."

"Lilichelewa kufunguka. Telefone ya baba yake alikuwa nayo mpaka saa nne tu. Tumfungulie tena, saa moja, mimi mwenyewe nitampelekea yangu."

Akashusha miwani. "Nikifungulia mumoja, kesho bazazi makumi mbili beko hapa mulangoni. Na nafasi ni tano, na majina tano bamekwisha kwenda. Nitoe nani? Niambie, mwana yangu. Nitoe mutoto ya nani?"

Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba pointi zangu za stage anaziandika wiki ile, na kwamba zilikuwa nzuri. Hakunitisha, hapana. Ingekuwa afadhali angenitisha, ningekasirika. Nilitoka nje nikakaa juu ya lile bati lililokunjika, lililokuwa limerudishwa uwanjani, nikaona haya mpaka kwenye mifupa, na bado sikurudi ndani kubishana.

Ndipo nikaanza kufinya kila mahali, sasa bila hofu, maana kulikuwa na nini tena cha kuharibu? Nikakifikia kile kisanduku. Mahali: Kinshasa. Nchi yetu ina saa mbili. Huku ikiwa saa nne, Kinshasa ndiyo kwanza saa tatu. Kila mtoto wa Kolwezi anajua hilo, tumekua na redio ya Kinshasa inayosoma habari na kutuambia saa ambayo kwetu ilishapita. Mimi pia najua. Nimejua tangu sijaota meno ya pili. Mashine ilifungua saa tatu kamili kama nilivyoapa, ila ilikuwa saa tatu ya watu wengine.

Jioni, kabla jua halijazama, nikaenda kwao. Baba alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda mlangoni, vumbi bado kwenye nyusi. Aliponiona alisimama, akavua kofia. Mwanamume yule, anayelingana umri na baba yangu, alinivulia kofia.

"Madamu, unisamehe," akasema. "Ni mi. Mutoto alilia, akasema papa, ngojea kidogo. Lakini batu yangu balikuwa banaita, banaita. Nikamunyanganya telefone mu mikono. Ningengojea dakika kumi tu. Ni mi njo niliharibu."

Ningeweza kuliacha hivyo. Nakiri nililifikiria, muda wa kumeza mate. Kisha nikasema, "Hapana, Tata. Si wewe. Ni mimi," nikamweleza yote: saa mbili za nchi, kisanduku, Kinshasa. Nikamweleza pia nafasi, kwamba majina yalishakwenda. Nilisema haraka haraka, kwa Kiswahili na Kifaransa vilivyochanganyika, na sijui alichukua nini na nini kilimpita.

"Kinshasa," akasema. "Mi sijafikaka Kinshasa." Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuona kitu hicho kikoje. "Nionyeshe."

Nikafungua simu. Mtoto akatoka nyuma ya pazia, macho yamevimba, akaja kusimama begani pangu. Nikafinya kisanduku, orodha ikashuka. Akainua kidole chake, akaniangalia kwanza, kama anaomba ruhusa. Nikamsogezea simu. Akakiweka juu ya kioo kilichopasuka, chini ya neno Kinshasa, akaanza kushuka nacho, neno kwa neno, polepole, kwa sauti:

"Lagos. Libreville. Lomé. Luanda." Akasimama. "Lubumbashi. Njo hii, Madamu. Shiye tuko na saa ya Lubumbashi."

"Ndiyo," nikasema. "Ni hiyo."

"Mufinye basi," akasema baba.

Mtoto akafinya. Skrini ikazunguka kidogo, na saa zote zikajipanga upya, tatu ikawa tatu ya kwetu, nne ikawa nne ya kwetu. Baba akaitikia kwa kichwa, akaridhika, kana kwamba saa ikishanyooka na nafasi imerudi. Akaondoka kwenye kigoda, akakisogeza karibu na mlango mahali palipobaki mwanga, akakipangusa vumbi kwa kofia yake. Mtoto akakaa, akaifuta mikono kwenye gauni, akainyoosha kuipokea simu.

"Sasa nianze, Madamu?" akauliza.