Vibuyu Visafi Vilivyomponza Fransiska

Saa moja asubuhi, Gehandu, wilayani Hanang. Fransiska Akonaay amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa mama Gidamis, anakunywa maziwa ya mgando. Yuko kikombe cha tatu na kibuyu bado hakijaisha. Hana njaa. Yuko kazini.

Kinapoisha anakifunika, anakitia kwenye sanduku lenye barafu na kulifunga nyuma ya pikipiki yake. Mama Gidamis amesimama mlangoni, uso umemshuka. Hajazoea kumwacha mgeni aondoke na chombo kisichosafishwa.

Fransiska, mwenye umri wa miaka 41, ni mzaliwa wa Mbulu. Kwa miaka mitatu amekusanya sampuli za kikundi cha watafiti wa bayofizikia kilichopanga vyumba viwili Gendabi. Watafiti hao wanachunguza bakteria wa maziwa: jinsi wanavyoogelea, na nguvu wanayotumia kung'ang'ania ndani ya kibuyu hata kikioshwa. Kazi yake ni kuwafikisha wakiwa hai.

Mwezi Machi walianza kufika wamekufa. Vibuyu kumi na vinne vya Gehandu, wiki mbili mfululizo, na hadubini haikuonyesha cha maana. Mkuu wa kikundi, Dk. Onesphory, alimuuliza kama aliviacha juani. Akamuuliza kama aliviosha. Fransiska alikana yote mawili, na ilikuwa kweli. Akaambiwa kwamba vikija hivyo tena, watafiti watatumia ndoo za plastiki za dukani, na mtu wa kufuata vibuyu hatahitajika.

"Nililia," anasema bila kuficha. "Si kwa ajili ya kazi tu. Alinitazama kama mtu mvivu, na mimi uvivu siujui."

Ila jibu alikuwa nalo. Familia za wafugaji zilikuwa zimesikia kuwa vibuyu vyao vinapelekwa kwa wasomi. Kumkabidhi mgeni kibuyu chenye ukoko wa maziwa ni aibu, kwa hiyo kina mama walivisugua ndani kwa kijinga cha moto, kijiti chenye kaa linalowaka, mpaka vikanukia moshi, ndipo wakampa. Fransiska aliisikia harufu hiyo tangu kibuyu cha kwanza, akanyamaza. Kwao Mbulu nako hakuna anayemwambia mama wa watu ampe kichafu.

"Ningeanzaje? Nampa shikamoo, halafu namwomba uchafu wake?"

Siku tatu baada ya onyo alikwenda kwa Onesphory na kumweleza yote, pamoja na kunyamaza kwake. Daktari hakufoka. Alifuta matokeo ya wiki zile mbili, akasema onyo liko palepale.

Kilichofuata Fransiska alikibuni mwenyewe. Akaacha kuomba kibuyu, akawa anaomba maziwa. Anayanywa mbele ya wenyewe mpaka yaishe, kisha anaomba chombo kabla mama hajainuka kufuata moto. Mama Gidamis alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa shingo upande.

"Chukua basi," alimwambia. "Lakini wakikuuliza huko, usiseme ni cha kwangu."

Kwenye lebo ikaandikwa namba tu. Gazeti hili lilipomwomba ruhusa ya kumtaja, mama huyo alifikiri sana, akakubali kwa sharti moja: iandikwe kwamba vibuyu vyake ni visafi. Ni visafi.

Vibuyu vya kwanza vya namna hiyo vilifika Gendabi mwanzoni mwa Aprili. Onesphory aliinamia hadubini, huku Fransiska amesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Kisha daktari akainuka kwenye kiti, akamwambia akae yeye.

Bakteria walikuwa wengi mno. Wengine wamejishika imara, wengine wanajisukuma huku na huko kama waumini waliochelewa misa ya Pasaka.

Mkataba wake umeongezwa hadi Desemba. Ameomba afundishwe kuwahesabu mwenyewe, na somo la kwanza ni Jumatatu, akishatoka Gehandu.

"Miaka mitatu nimewabeba," anasema. "Nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja."