Ukuta Uliovaa Kuliko Watu

Mwajabu alikuwa na ukuta uliovaa kuliko wanawake wengi wa Temeke. Chumbani, mkabala na kitanda, alitundika kaniki, na juu yake akapanga mapambo kama yanavyokaa mwilini: vipuli juu, kipini katikati, mikufu chini yake, bangili kushoto na kulia. Ukiingia ghafla unadhani kuna mtu, ila hana uso. Mumewe, Mfaume, aliyebeba magunia bandarini, alisema afadhali mke wa pili wa namna hiyo, maana hali wali.

Tatizo la huyo mke wa pili lilikuwa miguu. Hakuwa na vikuku. Na wanawake wa upande wa kijana mchumba, kutoka Kinondoni, walikuwa wanakuja kuitazama nyumba kabla ya kukubali kumposa Tunu, binti pekee wa Mwajabu. Tunu alimpenda huyo kijana mpaka chumvi alikuwa anaitia kwenye chai. Mama mtu akaapa kwamba posa haitavunjika kwa sababu ya miguu mitupu.

Akaenda kwa Chausiku, mpambaji wa maharusi, aliyeingia nyumba zote kuanzia Temeke hadi Kinondoni. Desturi ya Chausiku ilijulikana: huondoki na kitu cha kuazima mpaka uache chako. Mwajabu akaacha mkufu wake mdogo, ule uliokatika akaufunga kwa uzi mwekundu, akarudi na vikuku viwili vya fedha, kimoja kimebonyea. Akavitundika chini kabisa. Sasa ukuta ungeweza hata kucheza ngoma.

Wageni wakaja, wametanguliwa na Bi Hamisa, mama wa kijana, na nyuma yake mawifi zake watatu wenye macho ya kupekua. Wakaingizwa chumbani. Mawifi wakakodoa macho, na Mwajabu akajisikia mrefu.

“Hivi vyote vyako?” akauliza wifi mkubwa.

“Vya kwetu. Vikuku vile ni vya bibi yangu, mzaa mama,” akajibu Mwajabu, bila hata kumeza mate.

Bi Hamisa akainama. Akakishika kile kilichobonyea, akapitisha kidole kwenye kibonyeo taratibu, kama mtu anayepapasa kovu lake mwenyewe. Alipoinuka, ushungi ukamteleza, na Mwajabu akaona shingoni pake mkufu mdogo wenye uzi mwekundu.

Neno moja tu, na Tunu hana mume.

“Bibi yako alikuwa na vitu vizuri,” alisema Bi Hamisa, akimtazama usoni.

“Na mkufu wako huo, dada?” Mwajabu akauliza.

“Huu?” Bi Hamisa akaushika, akauona uzi, akamwona Mwajabu anavyouangalia. Mawifi wakageuka wote watatu. “Huu kaniachia marehemu mama.”

Mwajabu akamwombea marehemu rehema.

“Basi,” Bi Hamisa akasema, “itakuwa bibi yako na mama yangu walijuana sana.”

Wakaangua kicheko, mpaka wakashikana mabega, machozi yakawatoka. Mawifi walitazamana, hawakuelewa kitu. Jioni ile posa ikakubaliwa.

Mlangoni Bi Hamisa alichelewa makusudi, akamvuta Mwajabu sikio. “Vikuku vyangu usivitoe. Mawifi watarudi siku ya harusi, na mie nimeshakubali mbele yao kwamba ni vya bibi yako.”

“Na wewe uje na mkufu wangu,” Mwajabu akanong’ona. “Ila ule uzi, mkwe, badilisha. Mama yako hakuwa maskini kiasi hicho.”